Aleji ya kamba na kaa: mlijuaje, mlipimwa nini? Tupeane uzoefu

Mvuvi Mstaafu (Tanga)
Wakuu, habari za jioni. Mama watoto kakulia Pangani, kamba kala tangu hajaota meno. Mwaka huu ghafla akila midomo inamuwasha. Juzi kala wa nazi, haikupita nusu saa macho yamevimba, sauti imekauka, anahema kwa shida. Zahanati wakamchoma sindano, akatulia. Wakaandika "aleji" kwenye daftari, basi. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Waliopitia haya, mlipimwa vipi? Samaki mnakula?

Bint Kisauni
Pole kwa shemeji. Hakuna mkono wa mtu hapo. Aleji hii huanza ukubwani kwa wengi tu, hata aliyekula miaka yote. Mimi daktari hakukimbilia kipimo, alinihoji kwanza hadi nikachoka: ulikula nini na nini, ilianza baada ya muda gani, ulimeza dawa ya maumivu, ulifanya mazoezi baada ya kula? Kumbe hayo mawili huweza kuzidisha shambulio. Ndipo akanipima mkononi: tone la dondoo ya kamba, anachokoa ngozi kidogo, unangoja robo saa. Pembeni tone la maji ya chumvi la kulinganishia. Kivimbe cha kamba kikikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kinahesabiwa. Vidonge vya aleji nilikatazwa siku kadhaa kabla, maana huficha majibu. Samaki nala kama kawaida, protini yao ni nyingine. Pweza na ngisi nilipimwa mbalimbali. Wapo wanaodhurika nao, mimi sijambo.

Wa Makambako
Kwangu kinyume. Nilipima damu kwa sababu ya mafua yasiyoisha, wakatafuta IgE (kingamwili za aleji) ya vitu vingi kwa mpigo. Majibu: kamba, chanya! Na kamba nakula kila nikishuka Dar, sijawahi hata kupiga chafya. Daktari wa pili akacheka. Kamba wana protini iitwayo tropomayosini, na mende na utitiri wa vumbi wanayo inayofanana nayo. Yaani damu yangu iligombana na mende wa jikoni, kesi akapewa kamba. Shemeji apime, lakini karatasi isomwe pamoja na yaliyompata.

Nesi wa Zamu
Sindano gani hiyo? Daftari liangaliwe. Koo likibana, pumzi ikikatika au presha ikishuka, dawa ya kwanza ni adrenalini, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtu mzima miligramu 0.5, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5. Piriton inatuliza muwasho, koo haifungui, na haidrokotizoni inachelewa kufanya kazi. Mgonjwa alazwe miguu juu, asisimamishwe. Akihema kwa shida, aachwe akae. Wala asikimbizwe nyumbani kwa kuwa uvimbe umepungua, shambulio huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mpishi wa Muscat
Mimi hata nisipokula, mvuke wa sufuria unanitosha kukohoa. Moto hauiharibu ile protini, kwa hiyo "wameiva vizuri" si hoja. Mafuta yaliyokaangia kamba yakikaangiwa chipsi, chipsi hizo si zangu. Na uduvi mkavu, wale kamba wadogo, ukishasagwa kwenye mchuzi, jicho haliuoni. Lazima uulize, hata kama mwenyeji atanuna. Kazini nimehamishiwa mikate.

Mvuvi Mstaafu (Tanga)
Nesi, nimeangalia: haidrokotizoni na Piriton. Adrenalini haipo. Nasikia ipo ya kalamu ya kujichoma mwenyewe, mnaipata wapi?

Nesi wa Zamu
Basi rudini hospitali ya rufaa na daftari hilo, mweleze yote mwanzo mwisho. Hadi apimwe, kamba, kaa na kambakochi wasiingie jikoni kabisa.

Bint Kisauni
Ya kalamu maduka ya karibu nami hawana. Daktari aliandika, hospitali ikaniagizia, nikangoja sana, na bei yake inauma. Usiiweke kwenye friji wala usiiache garini juani, na tazama tarehe ya mwisho. Mume wangu nilimfundisha kwa ile ya mazoezi isiyo na sindano. Kabla hamjapata yenu, ulizeni kituo gani karibu nanyi kina adrenalini saa nane za usiku. Ulizeni kesho asubuhi.