Naomba ushauri: mdogo wangu ni mlevi, kila mtu ananiambia nimwachie Mungu. Nimwachie vipi?

DadaWaDonholm

Hamjambo wapendwa. Ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni kifungua mimba, yeye ni kitinda mimba. Mama alipokuwa karibu kutuacha aliniambia mbele ya shangazi, "Huyu usimwachilie." Basi sijamwachilia. Anachomelea vyuma kule Kariobangi Light Industries, fundi mzuri kweli akiwa mzima. Mwajiri wake hunitumia mimi mshahara kwa M-Pesa kila Jumamosi. Nalipia chumba chake Kayole, kadi ya benki na kitambulisho chake ninavyo mimi, na kila asubuhi namtumia nauli na pesa ya chakula. Jioni nampigia keateka, mwangalizi wa nyumba anakokaa, kuuliza kama amerudi, na amerudi vipi. Tangu vile vifo vya pombe haramu Kirinyaga, Februari 2024, siwezi kulala simu ikiwa imezimwa.

Na bado anakunywa. Sijui anapata wapi.

Kwenye ushirika wa akina mama, mmoja aliniambia nimejiweka mahali pa Mungu, nimkabidhi Bwana nipumzike. Iliniuma kwa sababu sikuona uongo ndani yake. Lakini hakuna anayeniambia kumkabidhi ni kufanya nini hasa. Jumamosi pesa ikiingia, mtu aliyemkabidhi Mungu anaipeleka wapi? Tena pasta amependekeza tumfungie chumbani siku tatu za kufunga na kuomba, asionje hata tone. Naogopa kukubali, naogopa kukataa.

Mbarikiwa_254

Zaburi 37:5. "Umkabidhi Bwana njia yako, pia umtumaini, naye atafanya." Mwachie tu dada. Amina.

DadaWaDonholm

Amina. Lakini hiyo ndiyo niliyokuja nayo.

NesiWaUsiku

Kabla ya mambo mengine, hapo kwa pasta. Je, anakunywa kila siku? Asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate ya kutoa loki, yaani pombe ya kumtuliza baada ya ulevi wa jana?

DadaWaDonholm

Kila siku. Na mikono, ndiyo.

NesiWaUsiku

Basi msimfungie. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiziwa ghafla unaweza kumwangusha mtu kwa kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wanaona vitu ambavyo havipo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, na asiyetibiwa anaweza kufa. Ninyi mlio nje ya mlango mtadhani ni pepo anatoka, muongeze sauti ya maombi. Samahani kwa kusema hivyo, lakini mgonjwa wa namna hiyo huletwa kwetu akiwa amechelewa.

Kuacha kwa usalama kunahitaji daktari: dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole, vitamini B1, na mtu wa kumwangalia. Hospitali ya Mathari, Thika Road, ina kitengo cha waraibu. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, hata wewe jamaa unaweza kupiga. Pasta aombe, hakuna anayemkataza. Aombee kando ya kitanda cha hospitali.

BabaWaRongai

Nesi amesema kweli. Sasa swali lako la Jumamosi. Soma Luka 15, yule mwana mpotevu. Baba aligawa mali, akamwacha kijana aende. Hakumtuma mtumishi amfuate kule nchi ya mbali wala hakupeleka hela ya matumizi. Kijana alizingatia moyoni mwake alipofika kwenye maganda ya nguruwe. Wewe dada unalipa kila kitu, maganda atayaonea wapi?

Wanja_Umoja

Baba, ni rahisi kusema kama si mdogo wako. Sura hiyohiyo inaanza na kondoo, na mchungaji aliwaacha tisini na tisa akamfuata huyo mmoja mpaka akamwona. Halafu yule mama aliyewasha taa akafagia nyumba kutafuta shilingi yake. Mbona umeruka hao?

BabaWaRongai

Sikuwaruka. Kondoo hajui njia ya kurudi, na shilingi ndiyo kabisa. Mwana alijua nyumbani ni wapi. Ndiyo maana hakufuatwa.

Wanja_Umoja

Na mlevi unamweka wapi, kwa kondoo au kwa mwana? Nesi ametuambia sasa hivi kwamba mwili wenyewe umeshikwa.

BabaWaRongai

Hapo umenibana. Labda kwa hospitali ni kondoo, kwa mshahara wake ni mwana. Na niongeze hili, maana watu hulisahau: yule baba alimwona kijana angali mbali, maana yake macho yalikuwa barabarani. Kutomfuata hakukuwa kumsusa.

MzeeWaMajengo

Mwanangu, mimi ni Mwislamu wa hapa Pumwani, utaniwia radhi kuingia. Kwetu mtu akitaka kujua tawakali, yaani kumtegemea Mungu, humtazama Nabii Yakub. Wanawe walipokuwa wakirudi Misri pamoja na Binyamini, kijana ambaye hakutaka kumtoa machoni pake, aliwaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Huo ni mpango wa mtu mwenye hadhari. Papo hapo akasema yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, hukumu ni yake tu. Yote mawili yamo ndani ya aya moja, Sura Yusuf, aya ya 67. Na Binyamini alizuiliwa huko vilevile! Jitihada haiondoi kudura.

Kuhusu mama yako, Mungu amrehemu. Alikuambia usimwachilie. Hakukuambia umponye. Mtume mwenyewe alimpenda ami yake Abu Talib, aliyemlea na kumkinga, na Qurani ikamwambia hawezi kumwongoa ampendaye, ila Mwenyezi Mungu humwongoa amtakaye. Sasa wewe na mimi ni nani?

DadaWaDonholm

Mzee, hapo kwa mama nimesimama nikaenda jikoni nikarudi. Asante.

MsafiKwaLeo

Nasema kutoka upande wa mdogo wako. Mke wangu alikuwa anashika mshahara wangu vivyo hivyo. Unauliza anapata wapi? Kwa mkopo. Nilikuwa na deni kwa kila mama pima (muuza pombe) wa mtaa, nauza vifaa vya kazi, natembea kwa miguu ili nauli inywewe. Akili yangu yote ilikuwa ya kumzidi ujanja yule mwanamke. Nikilewa, nilisema amenifanya mtoto. Alipouachilia mshahara nilibaki bila mtu wa kumlaumu, na ikawa mbaya zaidi kwanza. Sikufichi hilo. Kuna rafiki zangu waliofikia hapo hawakurudi.

Mimi nilitoka kupitia hospitali, halafu AA, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha. Walianza Marekani 1935, na hatua yao ya tatu ni hiyohiyo unayouliza, kuyaweka mapenzi na maisha yako chini ya ulinzi wa Mungu. Lakini ni yangu ninayoyaweka. Siwezi kuyaweka ya mwingine, na wewe huwezi kuyaweka ya mdogo wako. Jamaa za walevi wana kundi lao, Al-Anon, tangu 1951. Nenda kule kwa ajili yako.

Mbarikiwa_254

Kwa hiyo nyote mnasema maombi hayatoshi?

NesiWaUsiku

Mimi nimesema tu asifungiwe.

DadaWaDonholm

Nimeongea na pasta, hakufurahi, lakini amekubali kutusindikiza kwa daktari badala ya kumfungia. Ijumaa nitampa mdogo wangu kitambulisho na kadi yake, na nitamwambia mwajiri amlipe mwenyewe. Kodi bado nitalipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mnisamehe, siwezi kumwona akilala nje. Kumpigia keateka sijaamua.

MsafiKwaLeo, naomba namba yako nikupigie nikueleze hali yake, umtafute.

MsafiKwaLeo

Nimekutumia kwenye ujumbe wa ndani. Usinipigie wewe, mpe yeye. Akinipigia usiku wa manane nitashika.