Peugeot 504 inaishiwa nguvu mlimani, ikipumzika inarudi. Nianzie wapi?

Mwana wa Kalenga
Wakuu, naombeni ushauri. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1979, petroli, injini ya cc 1971, kabureta moja (ile inayochanganya petroli na hewa). Aliiacha marehemu baba. Mjini Iringa haina shida: inawaka mara moja na inanguruma bila kutetemeka. Kasheshe ni safari. Nikitoka Mikumi, tambarare inakimbia vizuri, nikianza kupanda mlima Kitonga inalegea. Nakanyaga mafuta haipokei, inashtukashtuka, narudi hadi gia ya pili, mwisho inazima. Nikipaki pembeni kidogo inawaka na kuvuta kama kawaida, halafu mbele inarudia. Joto la injini liko sawa. Plagi mpya, filta ya hewa mpya. Fundi anasema injini imechoka, tuishushe.

Baba Neema
Pole mkuu. Iringa ni juu, hewa nyepesi. Injini ya kabureta lazima ipoteze nguvu huko. Weka injini ya Toyota upumzike.

Fundi Kabureta
Baba Neema, kwa heshima, hapana. Kweli kila mita 1,000 za kupanda injini hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu, lakini hiyo haizimi gari, wala haiponi kwa kupaki pembeni. Dereva Ove Andersson alishinda mbio za magari za Safari Rally za 1975 na 504, ingawa yake ilikuwa ya injeksheni, haina kabureta. Milima haiwezi kuwa ndiyo ugonjwa wake.

Mwana wa Kalenga, usikubali injini ishushwe. Injini iliyochoka haipati nguvu kwa kupumzika dakika chache. Inakuwa dhaifu asubuhi na jioni, mjini na safarini. Yako inaishiwa kitu, kisha inakipata tena. Kitu hicho ni petroli au moto wa plagi. Koili (inayotengeneza moto wa plagi) ikiwa mbovu nayo hugoma ikichemka na kupona ikipoa, ila mara nyingi hukata ghafla. Kulegea polepole huku inashtuka, mimi naanza na mafuta.

Ikizima tena, usiiwashe kwanza. Fungua kifuniko cha filta ya hewa, chungulia koo la kabureta, vuta waya wa akseleta kwa mkono. Petroli ikiruka, kabureta ina mafuta, hamia upande wa moto, yaani koili na kondensa yake. Isiporuka, nenda nyuma ufungue mfuniko wa tanki, usikilize. Sigara iwe mbali.

Mama Pijo
Naongezea: mfuniko ni ule uliokuja na gari? Wa kwetu ulipotea tukanunua wa dukani usio na tundu la hewa. Pampu inavuta, hewa haiingii, mafuta yanagoma kuja. Ukisimama, hewa inapenya taratibu, gari inapona.

Mwana wa Kalenga
Nimerudi Kitonga. Ilipozima, kabureta ilikuwa kavu kabisa. Nilipofungua mfuniko hewa iliingia kwa kishindo, fyuuu! Nao ni wa dukani kweli. Nimepanda na mfuniko umelegezwa, imevuta hadi kona za juu, ila karibu na kilele imeshtuka tena kidogo.

Fundi Kabureta
Basi shida ziko mbili. Mfuniko badilisha, usiendelee kutembea nao umelegea, petroli itamwagika. Kilichobaki kipo kati ya tanki na pampu. Kata filta ya mafuta uone kama ina unga mwekundu wa kutu. Mipira ya petroli nayo ikizeeka hulainika, na pampu ikivuta kwa nguvu inajibana yenyewe. Kwa nje utaiona nzima. Badilisha yote, ni bei ndogo. Kisha toa waya wa koili, elekeza mpira wa pampu kwenye chupa, mtu apige stata: petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kivivu na mipira ni mipya, pampu ina kiwambo (utando wa ndani unaovuta mafuta) kilichochoka.

Mwana wa Kalenga
Filta imejaa kutu, mkuu. Kesho tunashusha tanki tulioshe. Injini haiguswi.

Fundi Kabureta
Sawa. Weka filta ya plastiki angavu kabla ya pampu, uwe unaiangalia kila ukijaza mafuta.