Arusha: greda linakuja wiki moja kabla ya masika, kila mwaka. Hela ya barabara inajenga nini hasa?

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Naandika nikiwa ndani ya gari. Boljointi ya kushoto imechomoka saa tatu usiku, mita mia mbili tu kutoka nyumbani. Hiace imelala upande katikati ya kitu kinachoitwa barabara, na fundi kasema haji mpaka kukuche, maana pikipiki yake haipiti huku usiku. Siwezi kuliacha gari, wataondoka na betri. Kwa hiyo nina hasira na nina muda. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite.

Mimi naendesha kifodi (daladala) hapa Arusha, huu mwaka wa kumi na moja. Njia yangu inaanzia mjini, inapanda kwenye lami safi kabisa, halafu inaingia mtaani kwetu. Mtaa siutaji, ofisi siitaji, mkandarasi simtaji. Nina gari linalohitaji leseni na watoto wanaohitaji kula. Wa mtaa huu mkisoma mtajijua, na wahusika watajijua zaidi.

Januari mwaka huu tulijichangisha wenyewe. Kila nyumba elfu ishirini, mpangaji elfu tano. Tukanunua tripu sita za moramu, ule udongo wa changarawe, tukajaza pale bondeni panapotutesa, na vijana wakachimba mtaro upande wa juu kwa sururu, siku mbili, tukawapikia makande na kuwanunulia soda. Barabara ikapitika. Sisemi ilikuwa nzuri, nasema ilipitika, hata gari la taka likarudi baada ya miezi minne ya kutukimbia (ada ya taka yenyewe haikukimbia hata mwezi mmoja).

Mwanzoni mwa Machi greda likaja. Watoto wakalishangilia. Likashusha jembe, likakwangua moramu yetu yote, tripu sita zote, likaisukumia pembeni. Pembeni maana yake ndani ya ule mtaro wa vijana. Mtaro ukazibwa kwa hela yetu wenyewe! Barabara ikabaki tambarare kama meza, nyekundu, ya kupendeza kwenye picha, na picha kweli zikapigwa: jamaa kavaa kizibao cha kung'aa kasimama katikati, mwenzake kachuchumaa na simu. Mashine ya kushindilia haikuja. Gari la kumwagilia halikuja. Nilimuuliza yule wa kizibao, akaniambia, "Liko saiti nyingine mzee, linakuja kesho." Hiyo kesho naisubiri mpaka leo.

Usiku wa tatu mvua ikashuka.

Anayeijua Arusha hahitaji kuelezwa. Tunakaa ubavuni mwa Meru, mlima wa mita zaidi ya 4,500, na maji yakiteremka yanapita kwetu kwanza. Ndiyo maana mji wetu umejaa mito, Themi, Naura, Kijenge, na makorongo mengine ambayo hata majina hayana. Sasa wewe uchukue barabara inayoshuka na mlima, uichonge kila mwaka mpaka iwe chini kuliko viwanja vya watu, uizibe mtaro, usiishindilie. Hapo umeyachongea maji njia, watu tutafute pengine. Asubuhi tuliamka na mfereji wa kina cha goti katikati ya barabara, na moramu yote, yetu na yao, imelala mtoni kule chini.

Kuna bibi hapa mtaani tunamwita Yeyo. Geti lake sasa linaning'inia hewani. Nilichukua futi kamba nikapima toka kizingiti mpaka barabarani: sentimita 94. Mjukuu wake kampangia matairi mawili na ubao juu yake. Kila alfajiri Yeyo anatoka na dumu la maziwa, analiweka kwanza chini kwenye kizingiti, anageuka, anashuka kinyumenyume huku kashikilia nondo ya geti, halafu anajinyoosha kulichukua dumu. Nimemuona akifanya hivyo zaidi ya mara hamsini. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Anayelalamika ni mimi.

Nikafunga safari kwenda ofisi ya barabara. Nilipokewa vizuri, siwasingizii. Kijana mpole, kanipa kiti, kafungua kompyuta, kanisomea: matengenezo ya sehemu korofi, kuchonga kilomita 2.4, changarawe kilomita 0.8, kalavati (bomba za zege za kupitisha maji chini ya barabara) mistari mitatu. Hali ya kazi: imekamilika. Nikamwambia kalavati ni mistari miwili. Akaniambia mfumo unaonyesha mitatu. Nikamwambia mimi napita pale mara kumi na mbili kwa siku. Akasema, kwa upole ule ule, "Labda mmoja hukuuona, mzee."

Wakuu. Kalavati la zege. Mtu mzima halioni?

Na kumbe nalijua lilipo. Vipande vinne vya zege vimelala kwenye majani karibu na kibanda cha fundi baiskeli, tangu mwaka juzi. Mvua ikinyesha mbuzi wanajikinga humo. Dogo mmoja kageuza kimoja meza, anauzia miwa. Picha nilikuwa nayo kwenye simu, nikamuwekea kijana wa ofisini mezani kwake, nikamuonyesha mbuzi katoa kichwa nje ya mstari wa tatu. Akacheka kidogo, akajizuia, akasema nimuandikie barua.

Tuje kwenye hela, maana kila mkiuliza mnaambiwa bajeti finyu. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli nchi hii ina shilingi 100 iliyoongezwa na Bunge kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, hizi hizi za kwetu. Mimi naweka wastani wa lita 20 kwa siku. Ni shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, ni 52,000. Kwa mwaka 624,000. Kwa miaka minne ni karibu milioni mbili na nusu, gari moja tu, la mtu mmoja asiye na mshahara. Hapo sijagusa boljointi (hii ni ya tatu mwaka huu), bushi, shokapu na sampo iliyopasuka Aprili. Wenye bodaboda na bajaji nao wapige hesabu zao.

Najua, nchi ni kubwa. Barabara kuu na za mikoa ni karibu kilomita 37,000, halafu hizi za wilaya, mitaa na vijiji ni zaidi ya 144,000. Na kwa miaka mingi mgawo wa Mfuko wa Barabara umekuwa asilimia 70 kwa zile chache na 30 kwa hizi nyingi. Mimi siyo mchumi, ila hata konda wangu akigawa hesabu hivyo namuuliza maswali. Hata hivyo kwa mtaa wetu kisingizio cha hela sikikubali, kwa sababu hela ILIKUJA. Greda lilikuja. Dizeli ilichomwa. Na mwaka kabla ya huo lilikuja pia, na ule mwingine. Tunalipia barabara ile ile kila mwaka na kila mwaka inashuka mtoni.

Na kwa nini iwe Machi? Hapa ndipo panaponichefua. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Juni mpaka Oktoba Arusha ni kavu, vumbi mpaka kwenye meno, ndiyo miezi ya kuchimba mitaro na kumwaga zege likakauka vizuri. Miezi hiyo yote inaishia kwenye makaratasi. Hela hazijashuka, mara zabuni iko kwenye mfumo, mara tunasubiri mkataba. Vuli inapita. Mkandarasi anaingia saiti wingu likiwa limeshakaa mlimani, anachonga mbio mbio alipwe kabla halijanyesha. Likishanyesha, uharibifu unaandikwa ni wa mvua. Mvua ya Arusha ingekuwa na wakili tungeshitakiwa wote.

Halafu Bodi ya Barabara ya Mkoa inakaa, Mkuu wa Mkoa kwenye kiti, wabunge wapo, na taarifa inasomwa: kilomita kadhaa zimechongwa, utekelezaji asilimia kadhaa. Kilomita zetu 2.4 nazo zimo humo, zimehesabiwa kama zimefanyiwa kazi. Hakuna anayeuliza ziko wapi leo.

Kabla hamjanirukia: sijasema Arusha hakuna kilichojengwa. Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ninazitumia na ninazishukuru. Barabara ya mchepuko, kilomita 42.4, imetuondolea malori mjini. Tuna miradi ya TACTIC, ile ya kuboresha miji kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Arusha tumo kwenye ile miji 45. Tuna uwanja wa watu 30,000 kule Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi ni mtu wa mpira, nitakuwepo. Lakini kila mpango mkubwa ukisomwa, masikio yangu yanasubiri neno moja, mitaro, na halitoki. Tunasikia lami, taa, stendi, soko. Taa za sola wala sizungumzii, za kwetu zilidumu kuliko uchaguzi kidogo tu.

Na msiniambie mtaro ni jambo dogo. Aprili 2024, hapa hapa jijini, gari la shule lilisombwa na maji asubuhi likiwa na watoto ndani. Watoto walikufa. Siku ile madereva wote wa njia yangu tulipaki, hakuna aliyemwambia mwenzake, tulijikuta tumepaki tu. Mimi nabeba wanafunzi kumi na wawili kila asubuhi. Nikifika pale bondeni maji yakiwa yamefunika, nasimama, nashuka, naingia mwenyewe na fimbo kupima. Wazazi wengine wananigombeza watoto wanachelewa. Wagombeze tu.

Sasa wajuaji wa humu najua watasema wananchi wenyewe mmejenga kwenye hifadhi ya barabara. Ni kweli. Kuna ukuta wa jirani umekula nusu ya njia ya maji, na ngazi ya duka la mke wangu nayo imetokeza kidogo. Nitaivunja kwa nyundo yangu siku nitakayoona mtaro wa mawe unakuja. Kuivunja ili greda lipate pa kupigia picha, hapana.

Mawe nimeyataja makusudi. Tumezungukwa na mawe ya mlima, ukichimba choo unatoa tripu ya mawe. Kigoma walianza kujenga madaraja ya upinde kwa mawe, hayataki nondo, na mikoa mingine ikaiga. Mafundi wa kujenga kwa mawe tunao wengi, nyumba nusu ya mtaa huu zina msingi wao. Hizo lita za dizeli zinazochomwa na greda kila Machi zingewalipa vijana wetu mtaro wa mita mia tano kila mwaka. Sasa hivi tungekuwa tumefika mtoni.

Ninachotaka hakijazidi kiganja. Leteni ule ukurasa wa kwenye kompyuta kwenye mkutano wa mtaa, usomwe kwa sauti: kilomita ngapi, kalavati mistari mingapi, nani kapewa. Mkandarasi asilipwe mpaka mwenyekiti na watu watano wa mtaa watembee na kuhesabu. Kuchonga kuishe kabla ya Oktoba, vinginevyo greda libaki huko huko. Na lile kalavati la mbuzi lizikwe linapotakiwa kuzikwa.

NYONGEZA, saa kumi na moja alfajiri: nimesoma majibu. Mkuu uliyesema nihame mtaa, nitumie nauli. Mkuu wa Moshi uliyesema huko kwenu ni hivyo hivyo, na mmeambiwa mtaro uko "awamu ya pili", weka picha tafadhali, kabla na baada ya greda. Na wewe uliyeniuliza kama nimeshaandika ile barua: nimeandika, nimegongewa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo hapa kwenye dashibodi, ina miezi mitano.

Fundi namuona anakuja kwa miguu, kabeba jeki begani. Yeyo naye ndiyo anafungua geti. Ngoja nimpokee dumu kwanza.