Maiki ya kondensa kwa laki mbili na nusu, nyumba ya bati Mikindani

Mjukuu_wa_Mikindani

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijapoteza hela mara ya pili.

Bibi yangu ana ngano nyingi za Kimakonde, na nyingine zina nyimbo katikati, wajukuu tunaitikia. Kashavuka themanini, sauti imeshuka, siku hizi ni kama ananong'ona. Nimejaribu kumrekodi kwa simu. Ukisikiliza, jogoo wa jirani anasikika vizuri kumshinda yeye.

Msimu uliopita, hela ya korosho ilipoingia, nikaagiza maiki iitwayo BM-800 kutoka Dar. Muuzaji akasema hii ni kondensa, chomeka tu kwenye laptopu. Nikachomeka. Sauti iko mbali kama mtu yuko kisimani, na nyuma yake shiii ya samaki kwenye kikaango. Tangu siku ile iko kabatini.

Sasa nina laki mbili na nusu. Wengine wananitajia AT2020 ya Audio-Technica, wengine wanasema tafuta ya USB. Nyumba ni ya bati, haina dari, sebule sakafu ya saruji. Laptopu ina tundu moja tu la hedifoni. Halafu Bibi hawezi kushika maiki, mikono inatetemeka, na kitu kikimsogelea mdomoni ananyamaza kabisa. Nichukue ipi?

Biti_Chikongola

USB mkuu, umalize kazi. Saundi kadi, vile viboksi vya kuunganishia maiki na kompyuta, waachie wenye studio.

FundiRedio_Lindi

Biti, usimkimbize mwenzio.

Mjukuu, kabla hujanunua chochote fanya jaribio moja. Chomeka hiyo BM-800 kama ulivyofanya, anza kurekodi, gonga maiki kwa ukucha, kisha gonga ubavu wa laptopu. Sikiliza kipi kimeingia. Nina wasiwasi hujawahi kuisikia hiyo maiki hata siku moja.

Sababu ni hii. Waya uliokuja nayo unaishia na jeki yenye pete nyeusi mbili. Tundu la laptopu yako ni la aina ya hedifoni za simu, zile zenye pete tatu. Ukichomeka ya pete mbili, laptopu inadhani umeweka hedifoni tupu, inaendelea kunasa kwa kimaiki chake cha ndani. Na hata ungekuwa na kiunganishi sahihi, tundu hilo linatoa volti chache mno. Kondensa ni maiki inayotegemea umeme, bila wa kutosha inasinzia. Nyingi ya hizo BM-800 ndani zina kapsuli, yaani kile kinachonasa sauti, ndogo kuliko kichwa chake kinavyojigamba, lakini ukiipa volti 48 inabadilika, si ile uliyoitupa kabatini.

Kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye saundi kadi ndogo yenye volti 48, mfano Behringer UM2, pamoja na waya wa pini tatu huku na huku. Angalia usije ukauziwa UCA222 ya kampuni hiyohiyo. Ile haina tundu la maiki kabisa. AT2020 ni maiki nzuri, siikatai, ila nayo haisemi neno bila hizo 48. Ukiinunua peke yake utarudi hapa kulia tena. Ya USB itafanya kazi, kweli, lakini siku ukitaka maiki bora zaidi unaanza upya na kila kitu.

Nitaje na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kila kondensa ina kelele yake ya ndani. AT2020 imeandikwa desibeli 20, Rode NT1-A imeandikwa 5. Kwa mtu anayenong'ona tofauti hiyo ni kubwa, lakini kwenye chumba kimya tu. Wewe una jogoo na bati. Usikimbilie ya gharama, kelele ya nyumba itaimeza.

Mtoe Bibi sebuleni. Mkalishe chumbani penye kitanda, godoro moja lisimame ukutani nyuma yake, khanga zining'inie. Hizo maiki zinasikia kwa ubavuni, upande wenye nembo, si kwa juu kama za mshereheshaji. Wengi wanaikosea hapo. Mgongo wa maiki uelekee dirishani. Iweke kwenye stendi chini ya kidevu, upande wa nembo ukitazama juu kwa Bibi, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Hataiona. Chaja ichomoe, inaleta muungurumo.

Ukimaliza usiiache wazi. Chumvi ya bahari huku kwetu inakula hadi bawaba za mlango. Mimi zangu nazifungia kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya.

Mjukuu_wa_Mikindani

Fundi! Nimegonga maiki: kimya. Nimegusa laptopu: radi. Msimu mzima nailaumu maiki ya watu.

Swali la mwisho. Waitikiaji nitawaweka wapi? Nina maiki moja tu, na watoto wa dada yangu wanaimba kwa nguvu zote.

Bi_Mchinga

Wakae nyuma ya Bibi, mwanangu, hatua tatu hivi, wasiwe ubavuni kwake. Watasikika, lakini kwa mbali, kama inavyokuwa barazani. Usije ukawatoa nje eti upate sauti safi. Mimi nilimrekodi marehemu mama peke yake chumbani, akasimulia ngano ya nusu saa kwa dakika sita. Hakuna wa kumwitikia, angemsimulia nani?

Na rekodi usiku, jogoo kalala.

Mjukuu_wa_Mikindani

Shikamoo Bi Mchinga, na ahsante. Usiku ndiyo saa yake. Nilipomwomba ajaribu mchana aliniambia nitaota mkia.

Jumatatu binamu anapita Kariakoo. Nimemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: 48V, PINI TATU HUKU NA HUKU, SI UCA222. Laptopu nitaichaji kuanzia asubuhi.

Biti_Chikongola

Ikifika niazime siku moja basi.