Seyyid Said alikuwa mkoloni au mwenyeji?

Mchuma Karafuu (mleta mada)
Wakuu, juzi tulikuwa msibani hapa Wete, Pemba, baada ya khitma watu wakabaki kwenye mkeka na kahawa. Mzee mmoja akasema Mreno alikuwa mkoloni, Mjerumani mkoloni, Mwingereza mkoloni, lakini Seyyid Said, yule Sultani wa Oman aliyehamia Unguja, alikuwa "mwenyeji aliyechelewa kufika". Pakachafuka. Kijana mmoja akamuuliza: mtu aliyekuja na manowari kutoka Maskati, watu wake wakajitwalia ardhi nzuri, wakapanda mikarafuu kwa jasho la watumwa, Mwinyi Mkuu, mtawala wa asili wa Unguja, akaachiwa siwa (baragumu la enzi) na ngoma zake kule Dunga, huyo ana tofauti gani na Mreno? Mzee akaondoka bila kumaliza kikombe. Naomba tulijadili hapa, matusi tuyaache nje.

Kijana wa Kibokoni
Mleta mada, usitutie kapu moja. Huo ni mkasa wenu wa Unguja na Pemba. Sisi Mombasa tulimwita Mwomani wenyewe atutolee Mreno. Ngome ya Mreno pale Mombasa ilizingirwa 1696, ikaanguka Desemba 1698. Kisha Mazrui wakajikalia, hawamsikilizi mtu, mpaka Seyyid Said alipowaingia mwaka 1837. Kwa hiyo kama kuna ukoloni, tulitawaliwa na nyinyi wa Unguja.

Chumvi Mbichi
Na hao Mazrui walitoka wapi, walishuka na mvua? Si walikuwa maliwali wa Imamu wa Oman walioota mapembe?

Kijana wa Kibokoni
Walioa kwetu, wakazikwa kwetu. Endelea.

Bint Matrah
Asalamu alaykum. Mimi nimezaliwa Oman, mama yangu kazaliwa Malindi ya Unguja. Nyumbani kwetu watu wakipendana hupendana kwa Kiarabu, wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Mnasema "Waomani" kama mnataja watu wa mwezini. Mreno alijenga ngome akakaa ndani yake. Seyyid Said alihamisha baraza lake zima, akazaa Unguja, na alifia baharini mwaka 1856 akiwa njiani kurudi huko, akazikwa huko. Mkoloni gani huyo anayekimbia kwao kwenda kuishi kwenye koloni?

Mtu wa Unyanyembe
Dada, hongera kwa kuzaliwa. Mimi nina swali dogo. Pembe za ndovu zilitembea zenyewe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo? Babu zetu wa Tabora walizibeba na minyororo shingoni, nyinyi mnatuhadithia mapenzi ya Kiarabu.

Bint Matrah
Sikusema hakukuwa na utumwa. Nimesema nini na wewe umesikia nini?

Mtu wa Unyanyembe
Nimesikia unachosikia mtu akikanyagwa na anayemkanyaga anasifia viatu.

Mzee wa Forodha
Vijana, mnachanganya unga na chokaa. Kulikuwa na watumwa walioswagwa kwa minyororo, hilo halina mjadala. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wanalipwa nguo za merikani, kaniki na shanga, na wengi walikuwa na biashara zao. Na huko kwenu Tabora Sultani hakuwa na jeshi la maana. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipoifunga njia ya misafara mwaka 1871 Waarabu wa pale walipigwa, na Unguja ikabaki kuhesabu hasara.

Dola ile mnaitafuta kwenye upanga, haikuwa huko. Ilikuwa forodhani. Chukua mzigo wowote wa pembe au gundi, haujali umetoka kwa nani bara, lazima upite bandari ya Unguja, na hapo ndipo Sultani anapokusubiri. Tena yeye mwenyewe hakuwa anakusanya. Forodha alikodishwa Mhindi, na Jairam Shivji, mtu wa Kutch, ndiye aliyejulikana zaidi. Analipa kiasi fulani kwa mwaka, kinachozidi chake. Wamarekani walipowekeana mkataba na Seyyid Said mwaka 1833 waliandikiwa ushuru wa asilimia 5, basi. Sasa mwambieni yule kijana wa Wete: Sultani anadaiwa na Mhindi, Mhindi analindwa na Mwingereza, Mwarabu wa Tabora anakopa bidhaa kwa Mhindi huyohuyo. Mkoloni yupi hapo? Hata Mwingereza alipotaka kumweka sultani anayemtaka yeye hakuhitaji vita virefu. Agosti 1896 alipiga mizinga dakika kama 38, Khalid bin Barghash aliyejitwalia kiti akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani.

Na kwa faida ya Kibokoni: forodha hiyo ndiyo iliyokipeleka Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, bara. Ingekuwa Mombasa ndiyo yenye forodha, leo mtoto wa Dodoma angeitwa "ndoo" badala ya "njoo".

Kijana wa Kibokoni
"Ndoo"!! Yaani mzee mzima umeandika kurasa mbili kuja kutukana Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa? Mshairi wetu Muyaka bin Haji alikuwa anamrushia Seyyid Said mashairi kwa lugha hiyo unayoicheka. Kiunguja hakikushinda kwa uzuri, kilichaguliwa na Wazungu kuwa Kiswahili sanifu kwenye kikao cha 1928, na kikao chenyewe kilifanywa Mombasa! Tumewapa viti, wakatunyang'anya meza.

Chumvi Mbichi
Ndoo ni ya kuchotea maji bwana 😂😂

Kijana wa Kibokoni
Na "meza" ni ya Mreno, na "gereza" ni kanisa lake, igreja. Wewe unaongea Kireno hujijui. Ngome yetu Mwingereza akaja kuigeuza gereza la kweli, neno likarudi nyumbani.

Mtu wa Unyanyembe
Wote mkija Dar mnaulizana "una hela?" Hela ni ya Mjerumani, rupia yake ilikuwa hela 100. Na mtoto mnampeleka shule, nayo yake. Miaka thelathini tu alikaa.

Chumvi Mbichi
Alituachia na viboko pia. Hiyo umesahau?

Mchuma Karafuu
Wakuu, turudi kwenye mada. Mzee wa Forodha hajajibiwa hata na mtu mmoja. Mzee, nakuelewa, lakini hesabu za forodha hazinitoshi. Bibi yangu alikuwa akichuma kwenye shamba la bwana mmoja wa Kiarabu. Jioni anakaa kwenye jamvi anachambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, vidole vimekuwa vyeusi. Kisha anakuja msimamizi na pishi, kile kipimo cha kupimia. Anaijaza mpaka inakuwa na kichwa, anaitikisa, zinashuka, anajaza tena, ndiyo anahesabu moja. Utumwa ulipigwa marufuku 1897, bibi kazaliwa baadaye kabisa, mtu huru. Shamba la nani? Si lake. Mti alioupanda babu yake ni wa nani? Mimi swali langu liko kwenye ile pishi.

Bint Matrah
Kaka, hilo limenigusa. Lakini kumbuka na wenye mashamba walikuwa na madeni ya Wahindi mpaka kooni, na yaliyotokea 1964 sote tunayajua.

Mchuma Karafuu
1964 usiifungue hapa dada, tutalala macho.

Mtu wa Unyanyembe
Mbona Bint Matrah haelezi zile reale 40,000, fedha za wakati huo, kila mwaka? Watoto wa Said walipogombea urithi, Mwingereza akaamua 1861 Unguja iilipe Maskati. "Mwenyeji" gani analipa kodi kwao?

Bint Matrah
Ulikuwa mgao wa urithi wa ndugu wawili, haikuwa kodi.

Mtu wa Unyanyembe
Urithi wa nani? Sisi ndio urithi!

Wa Kasongo
Ndugu zangu, nawasoma nikiwa Maniema, Kongo. Kwetu Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, alifika na bunduki, halafu Leopold, mfalme wa Wabelgiji, akampa cheo cha ugavana kule Stanley Falls, mwaka 1887. Watu waliteseka kwa mmoja, wakateseka zaidi kwa wa pili. Kiswahili kikabaki. Hatukumwomba ruhusa Unguja wala Mombasa, na hatusubiri kusahihishwa.

Chumvi Mbichi
Karibu sana. Huko mnasema njoo au ndoo?

Mzee wa Forodha
Hivi ndivyo mnavyojadili?

Kijana wa Kibokoni
Na kwetu ile "tutalala macho" ni mato, si macho. La Muyaka bado nangoja jibu.