Yule muuza spea mnayemjua ameniambia nikakaange chapati. MBELE YA MTEJA!

Fundi_wa_Malaba:
Leo sina salamu. Nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina silitaji, hakuna haja. Kuanzia Malaba hadi Tororo kila mwenye spana anamjua: duka la kona, feni inanguruma kuliko lori, naye kaunta haachii hata nyumba ikiungua.

Nilimwambia wazi: nipe mafuta ya kulegeza kutu, nina lori la Fuso, stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini, zimeshika. Akanisukumia kopo la kupuliza. "Chukua, fundi, mafuta ni mafuta." Nikapuliza jioni, nikaacha yalale. Asubuhi naweka spana, stadi imekatikia ndani ya hedi ya injini. NDANI! Mwenye gari amenisimamia kichwani, anauliza Juba atafika mwaka gani.

Nikabandua kibandiko cha bei kwenye kopo. Chini yake kumbe ni mafuta ya CHENI! Yale mazito yanayonata, yametengenezwa ili cheni ikizunguka yasirushwe nje. Mafuta ya kutu yanatakiwa yawe mepesi mno, yajipenyeze yenyewe kwenye nyuzi za bolti mahali hata wembe haupiti. Haya hukaa, yale huingia. Mtu anauza spea miaka yote hiyo hajui?

Nikarudi na mteja na tanboi wangu, msaidizi wangu. Nikasema kwa heshima, mzee, hukunipa nilichoomba. Kopo hakulitazama. Alimtazama mteja wangu, akapaza sauti ikavuka mpaka ikaingia Kenya: "Nati ikikushinda, fundi, nenda ukakaange chapati."

Chapati! Mbele ya mteja! Na tanboi akacheka, yule ninayemlisha mimi! Pesa ya kopo ale. Stadi nitaitoboa kwa drili mpaka itoke. Lakini chapati?

Spana14:
Pole sana ssebo. Ila kopo hulinusi? Mafuta ya kutu yananukia kama thina tangu mlangoni.

Fundi_wa_Malaba:
Sikuuliza habari za kunusa. Mtu mzima, mbele ya mteja wake, anaambiwa akakaange CHAPATI. Hilo ndilo mlijibu.

Rolex_ya_Stendi:
Mimi nakaanga chapati stendi na watoto wangu wanasoma kwa kazi hiyo. Tusi liko wapi? Njoo asubuhi ukunje rolex, chapati yenye mayai mawili ndani, watu kumi wamekusimamia, halafu turudi hapa tuongee. Ukikata stadi, chapati utaiunguza tu.

Tanboi_Mstaafu:
😂😂😂 Huyo tanboi namuunga mkono. Hata mimi ningecheka.

Mzee_Dizeli:
Vijana mmezoea makopo. Chukua oili ya gia otomatiki, changanya na asetoni nusu kwa nusu, tikisa kila unapotia maana havipendi kukaa pamoja. Gonga bolti kwa nyundo, pole pole, kutu ipasuke. Halafu subiri. Spana ikigoma usilazimishe: kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta. Oili chafu msitie, ni nzito na imejaa masizi, haiendi popote.

Gesi_na_Cheche:
Mzee wangu, shikamoo, lakini asetoni na ekzosi ya moto utazika watu! Inashika moto upesi mno. Mimi napasha nati kwa gesi ipanuke, kisha nagusisha mshumaa penye nyuzi. Nta inayeyuka, inanyonywa ndani. Ila kama ulishapuliza kopo lolote hapo, weka gesi mbali.

BodaKapchorwa:
Mnahangaika bure, WD-40 inamaliza kila kitu.

Spana14:
Haimalizi. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Kutu nyepesi italegeza, lakini stadi iliyopikwa na moshi miaka na miaka inataka mafuta ya kutu yenyewe na muda. Na usiiachie cheni ya boda ukidhani umeilainisha. Nyingi inakauka, unabaki na chuma kwa chuma.

BodaKapchorwa:
Kumbe! Sasa nisikilizeni mimi. Fundi mmoja, naye mnamjua, alisikia breki yangu ya mbele inapiga kelele. Akaipulizia mafuta KWENYE DISKI. Kelele ikaisha, na breki ikaisha. Nimeteremka mlima wa Kapchorwa na abiria na debe la maziwa, nasali kwa dini zote!

Gesi_na_Cheche:
Kwenye diski??? Huyo afungwe!

Mama_Gereji_Tororo:
Pedi zikishanyonya mafuta hazisafishiki, tupa, weka mpya. Diski isafishe kwa dawa ya breki. Na hapo ndipo shida yangu ilipo: pedi za siku hizi ni ngumu, zinakula diski hadi inaimba. Mteja anakuja kunigombeza mimi, wakati kazileta mwenyewe kwenye mfuko wa kaveera!

Fundi_wa_Malaba:
Jamani, turudi kwenye chapati.

Tanboi_Mstaafu:
Mama, wateja wa kujiletea spea niachie mimi. Wa jana kaleta fani belti ya Noah, gari ni Ipsum, akataka niivute mpaka ienee.

BodaKapchorwa:
Mama Gereji, pedi laini za Bajaj unazo? Niko Mbale kesho.