Kuachwa nje ya kundi la mtandaoni la kazini kunaweza kudumaza ubunifu?

Swali

Idara yetu ina kundi rasmi la WhatsApp ambalo sote tumo, na jingine la pembeni ambalo mimi na mwenzangu mmoja hatumo. Hakuna aliyetutukana, ila tukifika kikaoni tunakuta mambo yamekwisha kujadiliwa, na hata nikiandika wazo katika kundi rasmi, linasomwa, kisha kimya. Miezi hii sijabuni lolote la maana. Je, hali hii inaathiri ubunifu kweli, au natafuta kisingizio?

Jibu la 1

Si kisingizio. Mwaka 2000, Kipling Williams na wenzake walichapisha majaribio ya mchezo wa kurushiana mpira mtandaoni, ambamo mshiriki aliyenyimwa mpira na wachezaji asiowajua, ambao kwa hakika walikuwa programu tu, aliumia na kujiona si mmoja wao. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba hata walioambiwa waziwazi kuwa wanacheza na kompyuta waliumia. Sembuse kimya cha watu unaokaa nao meza moja!

Jibu la 2

Uchungu naukubali, lakini nadhani madhara makubwa yako kwingine. Wazo jipya huzaliwa bichi, nalo huiva pale mtu anapokuuliza, "Hebu eleza tena." Amy Edmondson, katika utafiti wake wa mwaka 1999 kuhusu timu za kazini, alihusisha kujifunza kwa timu na imani ya wanatimu kwamba hakuna atakayeaibishwa kwa kuuliza au kukosea. Aliyetengwa hukosa imani hiyo, kwa hiyo huanza kupeleka yale tu yasiyoweza kupingwa, na yasiyoweza kupingwa kwa kawaida si mapya. Isitoshe, hajui tatizo gani linajadiliwa huko pembeni. Atalibunia suluhisho vipi?

Jibu la 3

Tusisahau upande wa pili. Sharon Kim na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kukataliwa kunaweza kuchochea fikra bunifu kwa watu wanaojiona tofauti na kundi tangu awali. Hata hivyo, hayo yalikuwa mazoezi ya maabara. Kazini wazo huhitaji wa kulitekeleza.

Muuliza swali

Nashukuru. Jibu la pili limenigusa, kwa sababu nimekumbuka kwamba yule mwenzangu tulioachwa naye sijawahi kumwonyesha hata rasimu moja. Kesho nitampelekea ya kwanza, ikiwa bichi hivyo hivyo.